Mheshimiwa Waziri, zuio la zabuni libaki, kesi ziharakishwe

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ununuzi wa umma,

Wapo wanaokushauri ufute kifungu kinachosimamisha utoaji wa zabuni mara mzabuni anapokata rufaa. Hoja yao inavutia: barabara imekwama na dawa hazijanunuliwa, kisa kampuni moja imeshindwa na haitaki kukubali. Hayo yapo, siyakatai. Wapo hata wanaokata rufaa kwa sababu mkataba wa zamani uko mikononi mwao, na kila wiki ya kesi ni wiki nyingine ya kulipwa.

Lakini zuio likiondoka, mkataba utasainiwa, malipo ya awali yatatoka na mitambo itafika eneo la kazi. Mwaka mmoja baadaye inaamuliwa kwamba tathmini ilikuwa batili. Nani atathubutu kuuvunja mkataba wakati huo? Mlalamikaji atalipwa fidia, asiyestahili ataendelea na kazi, na mlipa kodi atawagharamia wote wawili.

Wenzetu wamelibakiza zuio, wakaliwekea ukomo wa siku. Kenya, kwa sheria yake ya 2015, mlalamikaji ana siku 14 za kuomba mapitio na bodi inayosikiliza malalamiko ya zabuni ina siku 21 za kuamua. Shauri likifika Mahakama Kuu, siku 45. Marekani, ofisi ya ukaguzi ya Bunge ina siku 100, na kazi yenye dharura ya kweli inaweza kuendelea iwapo sababu zimewekwa kwa maandishi.

Ruhusa ya namna hiyo nayo ina mtego wake. Taasisi iliyochelewa kupanga ununuzi wake mwaka mzima itauita uzembe huo dharura. Kwa hiyo ruhusa itolewe na chombo kinachosikiliza rufaa, taasisi nunuzi isijipe yenyewe.

Ila kesi nyingi, Mheshimiwa, huzaliwa mapema zaidi: kwenye ile barua ya mistari miwili, "tunasikitika kukujulisha kuwa hukufanikiwa". Mzabuni aliyeonyeshwa alama zake, bei ya mshindi na kigezo kilichomwangusha hupiga hesabu ya gharama za wakili, akaachana nayo. Aliyenyimwa maelezo huenda kuyatafuta mbele ya bodi, kwa kuwa ni huko tu nyaraka zitafunguliwa. Halafu tunashangaa rufaa ni nyingi!

Nimesikia pia wazo la kumtoza mlalamikaji dhamana kubwa. Mkongwe anayeng'ang'ania mkataba wa zamani ataimudu. Atakayefungiwa mlango ni kampuni changa yenye malalamiko ya haki.

Naomba basi barua ya matokeo ibebe alama na sababu, na muda wa kuamua rufaa utajwe kwa idadi ya siku. Maneno "haraka iwezekanavyo" yafutwe kabisa kwenye kanuni.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzabuni, na mlipa kodi