Gavana haajiri mwalimu wa darasa la kwanza

Mhariri,

Shule zikifunguliwa, magavana hutupiwa lawama kwa uhaba wa walimu wa shule za msingi. Wanaonewa. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, limezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili, mitihani na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa, na walimu wa shule hizo huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), ambayo ni ya kitaifa. Ndiyo maana katika ua mmoja wa shule, mwalimu wa chekechea analipwa na kaunti, na jirani yake wa darasa la kwanza analipwa kutoka Nairobi.

Upande wa afya mambo ni wazi zaidi: zahanati, hospitali za kaunti na ambulensi ni za gavana, ila hospitali za rufaa za kitaifa, kama Kenyatta, si zake. Hata leseni ya mbwa ni ya kaunti. Katiba imemtaja mbwa waziwazi.

Kizungumkuti kiko barabarani. Jedwali linatenga barabara kuu za kitaifa na barabara za kaunti, lakini halisemi ipi ni ipi. KURA na KeRRA, mamlaka za kitaifa za barabara za mijini na za vijijini, ziliundwa kwa sheria ya 2007, kabla kaunti hazijazaliwa, na bado zipo. Mwananchi mwenye shimo mlangoni pake huzungushwa hadi achoke.

Jambo lisilopewa kaunti popote ni la serikali ya kitaifa: Kifungu cha 186(3). Marekani ni kinyume. Kule, tangu Marekebisho ya Kumi ya 1791, mamlaka ambayo serikali ya shirikisho haikukabidhiwa, na majimbo hayakukatazwa, hubaki kwa majimbo au kwa wananchi. Wanaouita ugatuzi wetu "majimbo" walitazame hilo kwanza.

Wengi pia hudhani sheria ya Bunge hushinda ya kaunti daima. Sivyo. Kifungu cha 191 kinaipa ushindi kwa masharti: kwa mfano, ikiwa inazuia kaunti kuchukua hatua isiyofaa inayodhuru uchumi, afya au usalama wa nchi au wa kaunti nyingine. Masharti yasipotimia, ya kaunti ndiyo hutawala.

Mwenye lalamiko kuhusu kazi ya kaunti aandike ombi kwa serikali ya kaunti chini ya sehemu ya 88 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kama ni suala la Bunge, atumie Kifungu cha 119. Ataje kipengee cha Jedwali, Sehemu ya Pili, tangu mstari wa kwanza: zahanati ni cha 2, taa za barabarani cha 5, chekechea cha 9. Barua isiyotaja kipengee ni rahisi kurushwa ofisi nyingine.

Msomaji wako,
Voi