Risala ya Vijana wa Jumuiya ya Wazungumzaji wa Kiswahili, Oakland, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Bodi ya Elimu,
Mwenyekiti wa Jumuiya na wanakamati wako,
Wazazi, walezi, na ninyi wahitimu wenzetu,
Shikamooni.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu katika msimu huu ambao kila shule ina mahafali yake. Wewe na sisi tuna undugu wa kura. Novemba 2024, vijana wa miaka 16 na 17 wa Oakland walipiga kura ya bodi ya elimu kwa mara ya kwanza, haki iliyopitishwa na wapiga kura wa mji huu mwaka 2020 kupitia Hoja QQ. Karatasi yao ilikuwa na kinyang'anyiro kimoja tu. Nani kati yetu alikuchagua na nani alikunyima, hapo hatusemi. Kura ni siri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku ileile ya tarehe 3 Novemba 2020 jimbo zima la California liliulizwa swali jingine, nalo likakataa. Pendekezo la 18 halikuomba makubwa. Lilitaka kijana wa miaka 17 atakayekuwa ametimiza 18 ifikapo uchaguzi mkuu, aruhusiwe kushiriki mchujo unaoutangulia pamoja na chaguzi maalumu. Bunge la jimbo lilikwisha kuliridhia kwa theluthi mbili, kwa hoja ya Mheshimiwa Kevin Mullin, na majimbo kama Ohio, Illinois na Maryland yalikuwa tayari na utaratibu wa namna hiyo kwenye mchujo. Hata hivyo asilimia 56 walisema hapana. Kwenye karatasi hiyohiyo, Pendekezo la 17 la kuwarudishia kura waliotoka gerezani na bado wako chini ya uangalizi lilipita. Tuliwafurahia hao kwa dhati, ila tulibaki tunajiuliza sisi tumekosa nini.

Kwa nini mchujo? Kwa sababu hapa California, kwa viti kama vya Seneti, wanaovuka mchujo ni wawili tu, wawe wa chama kimoja au viwili. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Septemba 2006 alitimiza miaka 18 kabla ya Novemba 2024, akapiga kura ya Seneti na kuwakuta Adam Schiff na Steve Garvey. Barbara Lee, aliyetuwakilisha Oakland kwa miaka mingi, alikuwa ameshaachwa njiani mwezi Machi. Huenda kijana huyu asingempa kura hata kidogo. Hilo ni lake. Lakini siku hiyo ya Machi alikuwa kituoni tangu alfajiri, beji kifuani, akipokea bahasha za kura na kuwabandikia watu wazima stika za kuwapongeza kwa kupiga kura. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa miaka 16 mwenye alama nzuri kuhudumu kituoni. Kupiga kura hapohapo alipohudumu, hapana.

Waliopinga walisema kijana wa sekondari bado yuko chini ya kivuli cha wazazi na walimu, atafuata watakachomwambia. Mheshimiwa, karibu siku moja uje kwenye nyumba zetu. Wazazi wetu wengi wametoka Kigoma, Bukavu, Mombasa. Wengine bado wana grini kadi na hawapigi kura kabisa, na waliopata uraia hutuita mezani sisi tuwasomee kijitabu cha wapiga kura. Mwaka 2020 kilikuwa na mapendekezo kumi na mawili ya jimbo. Dada wa mmoja wetu, akiwa na miaka 17, alimtafsiria mama yake moja baada ya jingine, la utafiti wa seli shina, la kodi ya majengo ya biashara, mpaka akafika la 18. Mama akauliza, "Sasa wewe unayenifundisha, kura yako iko wapi?" Binti akaendelea na la 19. Kama kuna anayemshawishi mwenzake katika nyumba hizi, si mzazi.

Hatudai kwamba kila wa miaka 17 yuko makini. Wapo wasiojua gavana ni nani, na wapo wa miaka 50 vilevile.

Kwa hiyo tunakuomba, pamoja na wenzako wa bodi, muwaandikie wabunge wetu wa jimbo ili hoja hii irudishwe kwa wananchi. Wakati tukisubiri, tunaomba maafisa wa uchaguzi waletwe shuleni kila muhula kuwaandikisha mapema wanafunzi wa miaka 16 na 17, jambo ambalo sheria imesharuhusu ila wengi hawana habari nalo, na walete mtu anayejua Kiswahili wa kuongea na wazazi. Ikishindikana kumpata, sisi tutatafsiri. Tumeshazoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.