Wauza kompyuta Mwanza, GB peke yake haitoshi, tuandikieni RAM ni ya aina gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme na wauza kompyuta wa hapa Mwanza, na pia wazazi na vijana wanaoasembo kompyuta ya nyumbani kwa hela ndogo. Bei ya RAM, yaani ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi, imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa hiyo ukinunua isiyokufaa siku hizi hasara yake ni kubwa kuliko zamani, na mimi ambae nawasaidia majirani na wanafunzi huku Nyakato kuchagua vifaa naona watu wanarudi nyumbani na RAM ambayo haitawaka kwenye mashine yao hata ufanyeje, wakirudi dukani wanaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi.

Tatizo linaanzia kwenye kile kikaratasi kinachobandikwa kwenye kesi, yaani boksi la kompyuta. Kinasema i5 (aina ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta), 8GB, diski 500GB, basi. Na kama RAM inauzwa peke yake mezani utaambiwa hii ya 4 hii ya 8, chagua. Sasa GB, yaani gigabaiti, inakwambia ukubwa tu, haikwambii ni DDR ya ngapi, yaani RAM ya kizazi gani, haikwambii kama hiyo 8 ni pisi moja au pisi mbili za 4, wala haikwambii kama imechomolewa kwenye seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia kompyuta nyingine, huko ilikotoka, na hayo ndo yanaamua kama hela yako imefanya kazi au imepotea.

Nianze na kizazi. Mashine nyingi tunazonunua kwa bajeti ni za maofisini huko nje, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na ndugu zake, au mtu anapata mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na prosesa anatafuta vingine kidogo kidogo. Zenye prosesa ya Intel kizazi cha 2, cha 3 na cha 4 zinatumia DDR3. Kuanzia cha 6 nyingi ni DDR4. DDR5 ni za juzi juzi, bodi zake zimeanza kutoka 2021 na kwa bajeti ninayoiongelea hapa mtu asijisumbue nazo. Hizi haziingiliani kabisa, DDR3 ya desktopu ina pini 240 na DDR4 ina 288, ule mkato wa chini kila moja umekaa sehemu yake, na umeme ni tofauti pia, DDR3 inakula volti 1.5 na DDR4 volti 1.2. Kwa hiyo ukiona inagoma kukaa kwenye sloti, ile nafasi yake kwenye bodi, usiikandamize, toa uangalie stika. Kuna bodi chache za kizazi cha 6 zenye sloti za DDR3, hizo zinataka DDR3L ya volti 1.35, kwenye stika utaona PC3L badala ya PC3, na ukiweka ya 1.5 unahatarisha prosesa. Alafu zile desktopu ndogo ndogo za kuweka nyuma ya skrini, Micro, Mini, Tiny, zinatumia RAM fupi za laptopu, sio hizi ndefu. Mtu asinunue kabla hajafungua kesi kuona.

Sasa kinachoniuma zaidi ni RAM za seva. Hizi zinakuja kwa wingi na ni za bei nafuu, unakuta pisi ya 8 au hata 16 inauzwa bei ya 4, mtu anaona amepata zali. Kwa umbo ni ile ile, urefu ule ule, mkato uko pale pale, inaingia kwenye sloti vizuri kabisa mpaka vile vibanio vinajifunga vyenyewe, ila ukiwasha skrini inabaki nyeusi au mashine inapiga biipu mfululizo. Mtu anadhani bodi imekufa, anapeleka kwa fundi, fundi nae kama sio mwaminifu anamuuzia bodi nyingine! Na kumbe kila kitu kizima. RAM ya seva ina chipu ya ziada katikati ambayo amri zinapitia hapo kwanza kabla ya kufika kwenye chipu za kumbukumbu, na prosesa za kawaida za nyumbani hazijatengenezwa kuongea nayo.

Kuitambua ni rahisi na hakuhitaji ufundi wowote, ndo maana nasema muuzaji hana sababu ya kutokukwambia. Soma stika. Ya DDR3 itakuwa imeandikwa kitu kama PC3-12800U, ile U ya mwisho ndo ya kwetu. Ikiwa PC3-12800R hiyo ni ya seva, iache. Ikiishia na S ni ya laptopu. Kwenye DDR4 maandishi ni marefu kidogo, mfano PC4-2400T-UA2, herufi ya kuangalia ni ile inayofuata baada ya kistari cha pili, ikiwa U sawa, ikiwa R hapana. Msichanganye na ile R iliyopo mwanzoni kwenye 1Rx8 au 2Rx8, hiyo inaelezea mpangilio wa chipu na ipo kwenye RAM karibu zote, kuna kijana alikataa RAM nzuri kabisa kwa sababu ya hiyo R. Na kama stika imebanduliwa, hesabu chipu kubwa za upande mmoja, zikiwa 8 au 4 ni dalili nzuri, zikiwa 9 na katikati kuna nyingine imekaa tofauti na wenzake hiyo ni ya seva, rudisha mezani.

Kuna nyingine pia, DDR3 mpya kabisa za 8GB za bei rahisi zilizoandikwa kwamba ni za AMD tu, ile kampuni nyingine ya prosesa inayoshindana na Intel. Waliozitengeneza hawajadanganya, kwenye bodi za AMD zinapiga kazi. Kwenye bodi ya Intel haziwaki. Na mashine nyingi zilizopo mtaani kwetu ni Intel, kwa hiyo muuzaji anaetoa ile pakiti na kukukabidhi pisi tupu bila maelezo anakukosea.

Kuhusu pisi moja au mbili. Prosesa hizi zina njia mbili za kwenda kwenye RAM na kila njia inataka pisi yake. Wanaokumbuka kivuko cha Kigongo kabla Daraja la JPM halijafunguliwa Juni 2025 wanajua hali ilivyokuwa pantoni ikiwa moja tu inavusha, na siku zikiwa mbili zinapishana watu wale wale na magari yale yale yanaisha upesi, na kwenye RAM ni hivyo hivyo, DDR3 ya spidi 1600 ikiwa pisi moja inapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, zikiwa mbili zinapitisha 25.6. Kwa mwanafunzi anaeandika ripoti kwenye Word tofauti ataiona kidogo sana, nisimdanganye mtu. Ila mashine ambayo haina kadi ya grafiki, yaani karibu zote za bajeti, picha inatengenezwa kwa kutumia RAM hiyo hiyo, kwa hiyo akifungua gemu au akaanza kuediti video hapo tofauti inaonekana kwa macho. Ndo maana nawashauri watu wachukue 4 na 4 kuliko 8 moja kama bei inakaribiana, na waziweke kwenye sloti zinazoendana, mara nyingi zina rangi moja, kama rangi zote ni sawa angalia namba kwenye bodi au ndani ya mfuniko wa kesi.

Kama tayari unayo pisi ya 4 ndani, usiiuze kwa hasara ili ununue mpya ya 8. Ongeza ya 4 ya aina ile ile. Hata zikiwa za kampuni tofauti mara nyingi zinaelewana, zenye spidi tofauti zote zitakimbia kwa spidi ya ile ya polepole.

Spidi yenyewe isiwatoe hela. Mtu anakuja na RAM ya DDR4 3200 yenye mataa na kipozeo cha chuma, bodi yake ni ya kizazi cha 6 ya ofisini ambayo mwisho wake ni 2133. Itafanya kazi, ila atapata 2133 ile ile ambayo angeinunua kwa bei ya chini. Hela hiyo ingeenda kwenye SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Kwa kweli kama mashine ina 8GB tayari na bado inatumia diski ya kuzunguka, mimi siwezi kukwambia uongeze RAM, nunua SSD kwanza hata ya 240GB, utaona mabadiliko kuliko kitu kingine chochote. Mwenye 4GB huyo ni kweli anateseka, akifungua Chrome na tabo kadhaa na mkutano wa Zoom kompyuta inaanza kukopa nafasi kwenye diski na kila kitu kinaganda. Na kabla hajaongeza aangalie kama Windows aliyowekewa ni ya biti 32, maana hiyo haitumii zaidi ya 4GB hata ukimpa 16, na hapa mtaani bado zinawekwa.

Kwanini bei imepanda wengi wananiuliza. Chipu za RAM karibu zote duniani zinatoka kwa kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, na hizi zimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili bandia ambako kuna faida kubwa, Desemba 2025 Micron walitangaza kabisa kwamba wanaachana na Crucial, ile chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Kwa hiyo hii mitumba tunayoichambua hapa sasa hivi ni mali, na inastahili kuuzwa kwa heshima. Ya mtumba isiogopwe. RAM haina kitu kinachozunguka ndani kwamba kitachakaa, ikiwa nzima inadumu miaka mingi, mara nyingi hata ile inayoonekana imekufa ni vumbi na unyevu kwenye meno yake, unafuta taratibu kwa rabba ya penseli na inarudi. Kikubwa ijaribiwe. MemTest86 ni programu ya bure ya kupima RAM inayowekwa kwenye flashi, iache ipite raundi nzima, kwa 8GB inaweza kuchukua saa kadhaa, ikitoa kosa hata moja jekundu hiyo RAM usilipie. Najua muuzaji hawezi kuacha mashine yake kwa kila mteja kutwa nzima, na umeme nao tunaujua. Basi akupe siku tatu za kwenda kuijaribu nyumbani, aandike kwenye risiti.

Na hapo ndo kwenye ombi langu. Kikaratasi kile kile, peni ile ile, muuzaji aandike "DDR3 1600, pisi 2 za 4GB, U, imejaribiwa", haimalizi hata mstari mmoja. Mwanafunzi wa Malimbe au mzazi aliyetoka Ukerewe na meli ya asubuhi kumnunulia mwanae kompyuta ataweza kulinganisha duka na duka bila kuwa fundi. Wenye maduka wanaofanya hivyo tayari wapo, wachache, na wateja wao wanarudi. Kwako Mhariri naomba umtume mwandishi wako apite madukani mjini kati, Buzuruga mpaka Igoma, aulize swali moja tu kila duka, hii RAM ni U au R, alafu mtuchapishie majibu.

Ni mimi msomaji wenu,
Nyakato, Mwanza