Ng'ombe aliyekatwa panga si ugomvi wa majirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi wafugaji wadogo wa kando ya Ziwa Victoria tumelibeba kimya kwa muda mrefu, nalo ni mifugo yetu kuvamiwa usiku, kuibwa, kukatwa mapanga na kulishwa sumu, kisha mwenye mali kuambiwa akamalizane na jirani yake.

Ninafuga ng'ombe 9 na mbuzi wachache katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Sengerema, ambako kutoka zizini hadi majini ni mwendo wa robo saa. Asubuhi moja ya msimu wa kilimo niliwakuta mbuzi wangu majike watatu wamelala karibu na pengo la uzio wa minyaa. Wawili walikuwa wamekwisha kufa, na wa tatu alikuwa akitetemeka mwili mzima, mate yakimchuruzika mpaka chini na mboni za macho zimesinyaa zikawa ndogo kabisa. Penye lile pengo palikuwa na kisahani cha plastiki chenye pumba za mahindi zilizolowa kitu chenye harufu kali ya dawa ya wadudu, na nzi waliotua juu ya pumba hizo walikuwa wamekufa papo hapo, miguu juu. Pumba zile hazikuwa zangu, wala kisahani hakikuwa changu. Mtu alikuja usiku hadi kwenye zizi langu, akaweka chakula cha kuua, akaondoka.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Majirani walifika kwa wema wote. Mmoja alikiosha kile kisahani ili mtoto asije akakichezea. Wengine walinisaidia kuchimba shimo, na kabla ya adhuhuri mbuzi wote watatu walikuwa wamefukiwa, kwa kuwa hata yule wa tatu hakuliona jua la saa nne. Mzee mmoja alitusihi tusikanyage karibu na lile pengo kwa sababu palikuwa na alama za viatu, lakini alipomaliza kusema watu zaidi ya ishirini walikuwa wamekwisha kupita hapo. Nilipokwenda kutoa taarifa niliandikiwa namba ya RB, yaani namba ya taarifa katika kitabu cha polisi, kwenye kipande cha karatasi na kuulizwa ushahidi uko wapi, na sikuwa na jibu, kwa maana ushahidi tulikuwa tumeuosha na kuuzika kwa mikono yetu wenyewe. Nikaenda kwa kiongozi wetu wa kitongoji, naye akaniambia kwa upole, "Mama, haya ni mambo ya majirani, yamalizeni nyumbani."

Simlaumu kwa upole wake, ila kauli hiyo nimeisikia pia kwa wafugaji wa vijiji vitatu tofauti, na ninaamini ndiyo inayowapa nguvu wanaotudhuru. Sheria ya nchi hii haisemi kwamba haya ni mambo ya majirani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitaja kuwa ni kosa tendo la kuua, kulemaza au kujeruhi kwa makusudi mnyama anayeweza kuibwa, na wizi wa mifugo umewekewa kifungu chake, ambacho adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 15, wakati wizi wa kawaida ukomo wake ni miaka 7. Tena tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ambayo inakataza kumtesa mnyama, awe wa mwenyewe au wa mwingine. Kinachokosekana ni kesi kufika mahakamani ikiwa nzima, na nyingi huharibika palepale zizini, katika saa mbili za kwanza, hata kabla mtu hajapiga simu polisi.

Kwa hiyo naomba wafugaji wenzangu tujifunze kulilinda zizi lililovamiwa kama tunavyojua kulilinda eneo la ajali. Penye alama za viatu pafunikwe kwa beseni au turubai, na watu wakae mbali. Simu tunazo, basi zipigwe picha za uzio ulivyokatwa, za mnyama alivyolala, na za jeraha kwa karibu na kwa mbali, kabla chochote hakijasogezwa. Ikishukiwa sumu, daktari wa mifugo aitwe mara moja, kwanza kwa ajili ya mnyama aliye hai, maana sumu nyingi za kuua wadudu zinazomfanya mnyama atoe udenda na kutetemeka zina dawa yake, sindano ya atropini, nayo husaidia ikiwahi. Na pili ili achukue sampuli za yaliyomo tumboni, za ini na za kile chakula kilichoachwa, kila kimoja katika chombo chake safi kilichofungwa na kuandikwa, mbele ya mashahidi. Nyama ya mnyama huyo isiliwe na mtu wala isirushiwe mbwa. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nawajua watu waliogawana nyama ya ng'ombe aliyekufa ghafla ili mwenyewe asipate hasara tupu, na ingawa nia yao ilikuwa njema, wangeweza kuwazika watoto wao.

Wala hatuko mbali na wataalamu kama tunavyodhani. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Mwanza, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayo ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini humo humo. Tatizo ni nani aifikishe sampuli huko, kwa nauli ya nani, na kwa barua ya nani. Mfugaji mwenye mbuzi watatu waliokufa hawezi kuyatatua maswali hayo peke yake siku ya msiba wake. Ninaziomba halmashauri zetu ziweke utaratibu unaojulikana kila kata, ili afisa mifugo awe na vyombo vya sampuli, fomu na fedha kidogo za usafiri, na polisi wapokee taarifa yake ya kitaalamu kama wanavyopokea ya daktari pale mtu anapojeruhiwa.

Sasa nije kwenye mapanga, ambako mambo ni mazito zaidi. Jirani yangu wa ng'ambo ya korongo alikuwa na maksai wawili aliowafundisha plau kwa misimu mitatu. Alfajiri moja alimkuta mmoja amepiga magoti ya mbele, anajaribu kunyanyua sehemu ya nyuma na kuanguka tena, kwa sababu mishipa ya miguu yote miwili ya nyuma ilikuwa imekatwa. Hakuna kilichoibwa. Ilibidi achinjwe siku hiyo hiyo. Maksai aliyebaki hawezi kuvuta plau peke yake, na shamba la familia hiyo mwaka huo lililimwa kwa jembe la mkono, robo tu ya eneo la kawaida. Anayedhani kwamba kumlemaza ng'ombe ni kumtia mtu hasara ya ng'ombe mmoja hajawahi kuishi Usukumani.

Chanzo cha ukatili ule kila mtu pale kijijini alikijua, ingawa aliyeutenda hakujulikana. Zamani kulikuwa na palio pana la kupitisha mifugo hadi ziwani. Miaka ya karibuni, maji yanapovuta nyuma, watu hulima bustani za nyanya, vitunguu na matikiti hadi ukingoni kabisa, na lile palio limebaki kichochoro ambacho ng'ombe wawili hawapishani. Ng'ombe akinyoosha shingo tu amekwisha kula mche wa mtu. Mwenye bustani anakuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa jasho lake limeliwa, na mwenye ng'ombe anakuwa na haki ya kuuliza mifugo yake ikanywe wapi. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kama mita hizo 60 zingesimamiwa, na palio likawekewa mipaka inayoonekana katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, sehemu kubwa ya ugomvi huu isingezaliwa. Sisi wafugaji nasi tuna letu la kukiri. Tunawatuma watoto wadogo kuchunga kundi kubwa wasiloweza kulimudu, na mazao yakiliwa baadhi yetu tunakana mpaka tuonyeshwe kwato. Mazao yakiliwa, afisa ugani aitwe akadirie hasara na mwenye mifugo alipe mapema, tena alipe bila kuburutwa. Aliyelipwa fidia yake mchana hana sababu ya kunoa panga usiku.

Kuhusu wezi, liko jambo jipya ambalo sijaliona likijadiliwa. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na hakuna aliyefurahi kuliko sisi wa upande wa Sengerema, tuliozoea kukesha kwenye foleni ya kivuko na wagonjwa na maiti zetu. Hata hivyo foleni ile ilikuwa na faida moja ambayo hatukuipanga. Gari lililobeba mbuzi usiku lilisimama mbele za watu, na watu walitazama, na waliuliza. Leo gari hilo linavuka kwa dakika chache, na mbuzi aliyetoka zizini kwangu saa nane usiku anaweza kuwa nyama buchani ng'ambo kabla sijaamka. Ninaomba basi mifugo isisafirishwe usiku bila kibali kinachotaja idadi, rangi na alama za kila mnyama, na vibali hivyo vikaguliwe pande zote mbili za daraja, na vilevile kwenye mialo ambako mitumbwi hutia nanga, kwa sababu mtumbwi wenye injini hauna foleni wala kizuizi. Bucha na machinjio nayo yadai kibali hicho kabla kisu hakijagusa shingo.

Utambuzi wa mifugo ndio msingi wa yote hayo. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ipo tangu mwaka 2010, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 imewafikishia hereni za utambuzi, zinazovishwa masikioni mwa mifugo, wafugaji wengi ambao awali waliziogopa kwa kudhani ni njia ya kutozwa kodi. Tuzipokee. Hereni hung'olewa, ni kweli, lakini sikio lililochanika nalo linasema kitu, na hereni ikiambatana na chapa na picha za ubavu wa kushoto na wa kulia, mwizi atapata shida kubwa kuapa mnadani kwamba ng'ombe ni wa mjomba wake.

Neno kuhusu sungusungu. Jeshi hili la jadi lililoanzia Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilizaliwa kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na sheria ya mwaka 1989 ililipa nafasi yake katika ulinzi wa raia. Bado naamini hakuna kengele inayoshinda yowe la mwano, ule mwito wa hatari wa Kisukuma, likipokelewa kutoka kitongoji hadi kitongoji. Lakini mtuhumiwa akikamatwa apelekwe polisi akiwa hai. Kijana aliyechomwa moto hawezi kutaja aliyemtuma wala aliyenunua, na huenda hakuwa yeye. Nimeyaona majivu ya namna hiyo mara moja maishani mwangu, na siku mbili baadaye ng'ombe waliodaiwa kuibwa walikutwa wakila majani ng'ambo ya mto.

Katika kitongoji chetu tumeanza kwa uwezo wetu. Katibu wa sungusungu ana daftari ambamo kila kaya inaandika mifugo yake, rangi, umri, chapa na alama za kuzaliwa, na picha zinahifadhiwa katika simu mbili tofauti. Beseni kuukuu na turubai vinakaa kwake, ili zizi likivamiwa tusianze kutafuta cha kufunikia nyayo. Jirani yangu ndiye aliyefungua ukurasa wa kwanza. Amemwandikisha yule maksai wake aliyebaki, mwekundu, mwenye baka jeupe begani na pembe ya kulia iliyopinda mbele, na pembeni ameomba iandikwe kwamba anatafuta mwenzake wa kuvuta naye kabla ya mvua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfugaji, Sengerema, Mwanza