Barua kwa Mwanangu Aliyeanza Biashara

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema simu imejaa namba za watu, kadi umegawa, mikutano ya wafanyabiashara huikosi, lakini biashara haisogei. Nimegundua umenieleza unachotaka kwa kila mmoja wao, ila hukutaja hata mmoja anahangaika na nini. Mimi ningeanzia hapo.

Watu hununua kwa wanayemwamini, na imani hiyo haipatikani siku ya kuuza. Mteja anapokuja na shida ambayo bidhaa yako haiitatui, mwambie wazi: "Hii haitakufaa, nenda kwa fulani." Najua inauma, hasa mwezi ambao mauzo ni haba. Lakini siku utakapomwambia mteja huyo kwamba kitu kitamfaa, hatabishana nawe. Na huyo fulani, hata kama ni mshindani wako, akielemewa na kazi atakukumbuka.

Usiwadharau unaofahamiana nao kwa mbali. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba miongoni mwa waliopata kazi kupitia watu wanaowajua, wengi walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara chache tu. Rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua. Habari mpya iko kwa wa mbali. Kwa hiyo wajulie hali bila kuwa na shida nao. Ukisikia habari inayomhusu mmoja wao, mpelekee. Ukiona wawili wanaohitajiana, waulize kwanza kila mmoja kama yuko tayari, kisha wakutanishe ujitoe, bila kudai chako katikati. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na katika biashara nimeliona hilo kwa macho yangu.

Wasambazaji wako walipe siku mliyokubaliana. Ukiona hutaweza, sema kabla ya siku kufika. Wako wanaotoa misaada hadharani huku waliowapa mali kauli, yaani bidhaa za kulipia baadaye, wakizungushwa. Ukarimu wa namna hiyo siuthamini hata kidogo.

Lakini usijigeuze jalala, mwanangu. Mwaka 1980 Robert Axelrod, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alichapisha matokeo ya shindano la programu za kompyuta zilizopambanishwa mbili mbili, kila moja ikiamua kushirikiana na mwenzake au kumsaliti. Iliyoshinda, iliyoletwa na msomi Anatol Rapoport, ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote: huanza kwa kushirikiana, ikisalitiwa hujibu hapo hapo, mwenzake akirudi kwenye wema nayo hurudi. Nawe fanya hivyo. Aliyechukua bidhaa akakwepa kulipa, msimamishie mkopo bila matusi wala kumtangaza kwa watu. Akilipa, mfungulie mlango.

Sasa, yule muuzaji wa jumla uliyesema hajibu ujumbe wako, mpigie wiki hii. Usiagize kitu wala usiombe punguzo. Muulize bidhaa gani imemlalia ghalani, kisha pitia wateja wako uone kama yupo anayeihitaji. Akipatikana na akikubali, mpe muuzaji huyo namba ya mteja, halafu uniandikie ilivyokuwa.

Nakupenda sana.

Mama yako