Chukua kesi hii, somo

Shangani, Mtwara

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, huku tu wazima, joto ndilo hilo unalolijua, mama anakusalimu sana. Kimya changu nakijua na chako nakijua, tusihesabiane.

Naandika mbio mbio kwa sababu Mama Sabra kanipigia jana, akacheka kwanza mpaka akapaliwa, ndipo akaniambia kwamba wale watoto wa marehemu wa Ligula wamechukua namba yako na wanakuja Lindi kukuona uwe wakili wao. Kama wameshafika na umeshapokea fedha yao, ishia hapa, kunja barua, tutaonana mahakamani. Kama hawajafika, endelea.

Unajua mimi ndiye wakili wa Shirika la Nyumba, kwa hiyo ya ndani ya faili la ofisi sikuambii, na wewe usiniulize. Haya ninayoyaandika yamesemwa yote mbele ya hakimu, watu wamejaa, hata muuza kahawa wa pale nje anayajua kwa mpangilio kuliko mimi. Baba yao alipanga ile nyumba wanayoigombania enzi za Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali ya kupangisha nyumba. Si unakumbuka mhadhara ule uliolala wewe? 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, Msajili akakabidhiwa, halafu 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Kwa mzee yote hayo yalikuwa ni kubadilika kwa kichwa cha risiti tu. Alilipa kodi yake mpaka Mungu alipomchukua. Watoto wakabaki ndani, mkataba ukabaki kwa jina la marehemu, maisha yakaendelea.

Kisha wakafungua mirathi mahakama ya mwanzo. Orodha ya mali ikasomwa: shamba la mikorosho, cherehani, baiskeli, na nyumba. Nyumba, somo! Ya kupanga! Wameshagawana vyumba kwa mafungu ya mirathi, mwanamume mawili ya mwanamke, kila kitu kwa taratibu zake. Mmoja fungu lake kampangisha muuza simu na kachukua kilemba juu, ile fedha ya kuingilia. Ndiyo sisi wa Shirika, wenye nyumba, tukapeleka pingamizi, na ndiyo mji mzima umenijua.

Wale watoto sina neno nao. Ukizaliwa kwenye nyumba, ukaolewa ukitokea mlango ule ule, nani atakwambia si ya baba yako? Wamepaka rangi, wameweka vigae kwa fedha zao. Anayenichefua ni kishoka wao, wakili bandia, yule wa kwenye steshenari ya kuchapishia pale karibu na stendi. Kawaandikia barua ya kurasa nyingi ananitajia ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984. Imefutwa tangu 2005! Sheria yenyewe marehemu, na wao wanairithi. Sasa kawaambia waende wakalishtaki shirika upesi upesi baraza la ardhi la wilaya, na kwa kila karatasi anawatoza. Wewe na mimi tunajua kuwa tangu marekebisho ya 2020, anayeshtaki shirika la umma anatoa kwanza notisi ya siku 90, anamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Watakuja na shauri lao, nitasimama na pingamizi la awali, litatupwa kabla chai haijapoa. Nitakuwa nimeshinda, ndiyo kazi niliyoajiriwa, lakini kumshinda mtu wa namna ile… basi tu.

Dada yao mkubwa alinifuata ofisini. Kaja na mfuko wa ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, kaketi, kaweka mtandio sawa, akaniambia, "Mwanangu, wewe si wakili wa serikali? Na serikali si yetu? Basi wewe wakili wetu. Nifanyeje?" Nikamwambia, mama, tafuteni wakili. Akasema, "Si ndiyo nimekuja?" Nilibaki mdomo wazi. Nikamweleza kwamba mimi nasimama upande wa mwenye nyumba. Akanitazama kama mtu niliyemwambia natoka Ulaya. "Mwenye nyumba nani, mwanangu?" Na ming'oko nikairudisha, somo, imeshachemshwa, moto moto, harufu imejaa chumbani. Hilo hawakutufundisha chuo.

Siku hizi ndiyo kila pahali. Sokoni Chikongola naulizwa notisi inasomwaje. Wapangaji wetu wa fremu za biashara wananisimamisha barabarani kuniahidi malimbikizo watalipa mnada wa korosho ukishalipa, kana kwamba mimi ndiye mkusanya kodi. Na tangu sheria ilipotaka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, 2021, wanaelewa kila ninachokisema na wananijibu! Zamani ungejificha nyuma ya Kiingereza kidogo.

Turudi pale pale. Nataka uichukue hii kesi. Ndiyo, dhidi yangu. Usidhani nakutuma uwalegeze, wala sikuambii uwashauri nini, maana hilo si langu kulisema na wewe huhitaji kuambiwa. Meneja wetu alishasema wazi mbele ya hakimu: nyumba haigawanywi, ila anayeishi ndani aweza kuomba mkataba kwa jina lake, malimbikizo yakilipwa. Waliokuwepo walisikia. Wao walisikia "haigawanywi" peke yake, wakatoka wakilia. Wanahitaji mtu wa upande wao awakalishe chini, na si mimi, na hasa si yule kishoka.

Ukiichukua, habari hii tusiiongee tena mpaka iishe. Hata kwenye harusi ya kwa Mama Sabra tukae mbalimbali, watu waone. Ukinishinda kihalali nitanuna kidogo, kisha nitakuja kula kwako. Najua huwezi kuishi kwa kesi za namna hii, wewe una pango la ofisi, mimi nina mshahara lakini kesi ya pembeni hata ya shangazi yangu siruhusiwi. Ila hawa si fukara, wana mikorosho.

Sasa nijibu. Wameshakupigia? Una nafasi, au bado unazunguka na ile kesi ya viwanja vya Mitwero? Utawatoza ngapi, na utakubali kulipwa msimu wa korosho? Ofisi yako bado iko ghorofani? Dada mkubwa magoti yanamsumbua, utaweza kushuka umsikilize chini? Na mtoto matokeo yake yametoka, au mnanificha? Kaka yako yule amerudi kutoka Msumbiji? Jumamosi ya wiki ijayo nina safari ya Masasi, nitapita Mnazi Mmoja ya huko Lindi asubuhi. Ukiweza kufika tuonane kabla hujasaini chochote na hao watu, na tuzungumze mengine kabisa. Korosho nikuletee zilizobanguliwa, au bado unapenda kubangua mwenyewe?

Somo yako