Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Waliokutwa na kamba wasizikwe kabla shingo hazijachunguzwa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka Newala. Nilishaamua kunyamaza, lakini wiki hii kijiji jirani kimezika binti mwingine aliyekutwa ananing'inia kwenye mkorosho. Karatasi yake ya chanzo cha kifo nimeisoma kwa macho yangu, na maneno ni yale yale aliyoandikiwa mpwa wangu, ambaye naye alikutwa na kamba shingoni: "kukosa hewa". Basi, wakaruhusiwa kuzika.

Mheshimiwa, aliyejinyonga hukosa hewa. Aliyekabwa kisha akatundikwa naye hukosa hewa. Sisi tuliuliza ni lipi kati ya hayo mawili, na hadi leo hatujajibiwa. Mimi ndiye mjomba, na kwetu Wamakonde swali hilo naulizwa mimi.

Daktari wa zamu alimtazama mpwa wangu kwa nje, nguo zikiwa mwilini. Hakupasua. Kamba ilikatwa kwenye fundo lenyewe ikatupwa kichakani, wakati fundo ni ushahidi na kamba hukatwa mbali nalo. Walioona ni kina mama waliomwosha: alama imezunguka shingo nzima, usawa. Baadaye mtaalamu alinieleza kuwa kwa aliyejinyonga alama kwa kawaida hupanda kuelekea kwenye fundo na haikamilishi mzunguko. Iliyozunguka usawa lazima itiliwe shaka. Najua peke yake haithibitishi kitu, kama vile miguu kugusa chini isivyothibitisha, maana wapo wanaojinyonga miguu ikiwa chini. Ndiyo sababu shingo hufunguliwa: kichwa na kifua kwanza ili damu ichuruzike, kisha misuli ya shingo tabaka kwa tabaka, kutafuta damu iliyovilia ndani. Kupapasa mfupa wa chini ya ulimi hakutoshi. Kwa binti wa miaka 19 mfupa huo mara nyingi hauvunjiki hata akikabwa.

Tuliambiwa mtaalamu yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na friji la mochwari ni bovu, kwa hiyo tuzike. Nadhani pia watu wakishasikia "kajinyonga" hawataki tena kuuliza.

Kila kampeni tunaahidiwa huduma za kibingwa Kusini. Mitengo, hapa Mtwara, tumejengewa hospitali ya rufaa ya kanda, tunashukuru. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ipo tangu 1980. Tunachoomba ni bingwa wa kuchunguza maiti atakayefika wilayani, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Liwale, na aliyekutwa na kamba shingoni asizikwe kabla bingwa huyo hajamwona. Ni hilo tu, Mheshimiwa. Asizikwe kabla hajaonwa.

Mpwa wangu ana miezi kaburini. Huyu wa wiki hii bado anaweza kuchunguzwa, mahakama ikitoa amri ya kufukua. Tafadhali mtume mtaalamu sasa hivi, kabla misuli haijaoza.

Mjomba wa marehemu,
Newala, Mtwara